Bei ya Tillotson

Cleveland, Julai 8

Dada Albina,

Mimi mzima isipokuwa masikio, na timu yetu ya besiboli ni nzima isipokuwa warushaji. Nimeanza na hilo kwa sababu najua utaruka salamu na kutafuta ugomvi. Basi ugomvi ni huu: tuna wapigaji wa kuogopwa, tuko nyuma ya Chicago kwa kiasi cha kuguswa na mkono, lakini siku ambayo si zamu ya Kessler, mrushaji wetu pekee wa kutegemewa, hatuna mtu wa kuanzisha mchezo. Tunao wawili wanaorusha mpira kama wanawalisha kuku. Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa Julai 31, saa kumi jioni. Likishafungwa, tulionao ndio hao hao hadi msimu uishe.

Alhamisi pale ukumbi wa Waslovenia tulibishana mpaka bia zikapata joto. Modic anamtaka Sorrells wa Minnesota, kwa sababu anatumia mkono wa kushoto na eti bibi yake alitoka Ljubljana. Modic angemsajili hata mpiga kinanda wa kanisani akiambiwa ana damu ya kwetu. Mimi namtaka Tillotson wa Seattle. Ana miaka thelathini na sita, anarusha polepole, na wapigaji hurudi benchi wakitikisa kichwa kama watu walioibiwa mchana kweupe. Amecheza fainali, hatetemeki.

Sasa bei yake. Magazeti yanasema Seattle hawataki fedha, wanataka kijana mrushaji aliyeko huko kwenu kwenye timu yetu ndogo ya kukuzia vijana, anaitwa Ozoria. Mimi nasema wapewe, tena afungwe na utepe. Kijana ni ahadi tu, Tillotson ni mkono unaouona. Nilikuwa na miaka saba Baba aliponibeba mabegani mwaka ule tulioshinda, na sasa ninayo sabini na moja. Sina tena nafasi ya kungoja mtoto akomae.

Nifanyie jambo moja. Nenda uwanjani, kaa nyuma ya wavu, mtazame huyo Ozoria, kisha uniandikie kama ni kitu au si kitu. Ningekupigia, lakini simu kwangu siku hizi ni kama kuweka kiatu sikioni.

Kaka yako,
Ludvik


Zanesville, Julai 12

Kaka Ludvik,

Sina haja ya kwenda uwanjani kumtazama Ozoria. Ninapoandika haya yuko jikoni kwangu, anamalizia potica niliyooka jana kwa ajili ya kanisa. Mkate wa Mama, wenye jozi na asali, ambao wewe huwa unakatiwa kipande kimoja kwa adabu. Yeye anakula kama mtu anayehama.

Aprili klabu ilipoomba vyumba kwa ajili ya vijana wao, kama kila mwaka, nilitoa kile cha mwanangu Raymond. Nikaletewa mtoto mrefu wa miaka ishirini kutoka Baní, Jamhuri ya Dominika, mwenye begi moja na koti lisilofaa kwa baridi yetu. Anaitwa Deivi. Mimi ananiita Doña Albina. Sikukuambia kwa sababu nakujua, ungeniandikia kila siku kuuliza amelala saa ngapi na amekunja mkono upi.

Umeuliza kama ni kitu. Nitakueleza, nawe utasema nimezeeka. Siku ya kwanza nilikwenda kwa heshima tu, baridi kali, watu wachache, nimejifunga blanketi. Akapanda kilima cha mrushaji, akainua mguu, na mpira ukaingia kwenye glavu ya mdakaji kwa mlio ambao sijawahi kuusikia uwanjani. Unakumbuka Baba akipasua gogo lililoganda wakati wa Krismasi, shoka moja na linaachana? Ni ule. Muuza soseji aligeuka. Mtoto aliyekuwa analia nyuma yangu alinyamaza. Nami, Ludvik, nilisimama bila kujua nasimamia nini. Mpaka leo, kila akirusha, mwili wangu unasisimka.

Halafu ana ule mwingine wa polepole. Unamjia mpigaji usoni, jitu zima linachuchumaa kuokoa kichwa chake, kisha mpira unakumbuka njia na kushuka katikati. Uwanja mzima unacheka, ila mimi sicheki. Najiuliza ni nani aliyemfundisha mpira kutii hivyo.

Ameniuliza barua yako inasema nini. Nimemwambia unamsalimu.

Dada yako,
Albina


Cleveland, Julai 16

Albina,

Miezi mitatu. Umekaa na mchezaji wetu miezi mitatu, unamlisha potica yangu, na kwangu unaandika habari za mafua na bei ya nyanya. Niliisoma barua yako ukumbini na Modic alicheka mpaka akatoa meno ya bandia kuyafuta.

Sasa kwa kuwa umeshaingia kwenye upelelezi, nijibu. Kiwiko chake kinamuuma? Anakiweka kwenye barafu baada ya mchezo? Akipigwa vibaya anakula au anasusa? Haya ndiyo mambo ya kujua. Mlio haushindi ubingwa. Nimeona vijana wenye mlio, wakafika huku juu mbele ya watu elfu thelathini, na mpira ukaanza kuwatoka kama sabuni mkononi.

Usinikasirikie, lakini umeshampenda, na mtu akishampenda mchezaji macho yake hayafai kwa kazi hii. Tillotson simpendi hata kidogo. Ni mtu mbaya, anatema mate hovyo na hawasalimu waamuzi. Ndiyo maana najua ninachosema.

Wanasema Seattle wanatuma watu huko wiki hii kumpima. Mwambie avae shati safi.

Ludvik


Zanesville, Julai 21

Kaka Ludvik,

Walikuja. Wanaume watano wenye kofia za majani, wamejipanga nyuma ya wavu, kila mmoja na kile kimashine cha kupimia kasi. Nilikaa safu ya nyuma yao kusudi. Mwanzo walikuwa wanapiga soga na kutafuna karanga, kila mpira wanainua vimashine na kuandika. Awamu ya nne wakaacha karanga. Awamu ya tano mmoja wao, mzee mwenye shingo nyekundu, aliweka kimashine chini miguuni, akakunja mikono na kutazama tu kama mtu aliye mbele ya maporomoko ya maji. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Hiki hakipimwi."

Nilijisikia fahari, kisha nikaogopa. Nilielewa kuwa kadiri anavyorusha vizuri, ndivyo anavyozidi kuwa bei ya Tillotson wako.

Usiku ule Deivi aliniuliza upepo wa ziwani unavuma kutoka upande gani, pale kwenye uwanja wenu mkubwa. Anataka kujua kama unausukuma mpira nje au unaurudisha. Hajawahi kufika, lakini anaujua ule ukuta wa kijani wa kushoto kama mtu aliyezaliwa mtaani kwetu. Kila Jumapili anampigia mama yake simu na kumwambia ni bado kidogo. Mtoto huyu hataki kwenda popote, anataka kurushia timu yetu. Na mimi, nikuambie bila kuzunguka, sitaki aende. Nyumba hii haijawa na kelele tangu Raymond ahamie Arizona.

Jambo jingine. Mke wa Modic amenipigia. Anasema hujakanyaga uwanjani miaka miwili sasa. Miaka miwili, Ludvik, na kila barua unaniandikia "tulipokuwa uwanjani." Unakaa mbele ya televisheni isiyo na sauti, unauza watoto wa watu.

Kiwiko chake ni kizima. Akipigwa anakula mara mbili.

Albina


Cleveland, Julai 25

Dada,

Mke wa Modic ana mdomo mkubwa kuliko goli la mpira wa miguu.

Ni kweli, siendi. Nilikwenda mara ya mwisho baada ya sikio la kulia nalo kuzima. Nilikaa kiti changu kile kile nyuma ya benchi letu. Niliwaona watu wanafungua midomo, wanaruka, wanapiga makofi, na kwangu kimya. Ilikuwa kama kutazama harusi kupitia dirisha la jirani. Nilitoka awamu ya tatu nikamwambia Modic tumbo linanisumbua. Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungenihurumia, na mimi nataka unibishie.

Barua yako ya yule mzee wa kofia nimeisoma mara nyingi. Sehemu ile ya kuweka kimashine chini ilinishika. Kazi yao ni kupima, na mpimaji akiacha kupima kuna kitu amekiona. Nakubali hilo.

Lakini bado nasema Tillotson. Samahani. Nimengoja kwa muda mrefu mno, Albina, na ahadi hunivunja moyo kila mara kwa namna ile ile. Gazeti la leo linasema mazungumzo na Seattle yamebaki jina moja tu, nawe unajua jina gani. Mkatie mtoto kipande kikubwa.

Ludvik


Zanesville, Julai 31, asubuhi

Ludvik,

Hongera. Umepata mrushaji wako.

Jana Deivi alianza mchezo. Alirusha awamu mbili, hakuna aliyemgusa. Awamu ya tatu kocha alitoka benchi mtoto akiwa hana kosa lolote, akamnyang'anya mpira. Akashuka kilimani ameinamisha kichwa. Alipofika benchi wakaanza kumkumbatia. Mmoja mmoja, wote, mpaka mtunza magongo. Hukuhitaji kuambiwa, na hakuna mtu uwanjani aliyehitaji. Julai 30, mchezaji mzima anatolewa katikati ya mchezo na wenzake wanamkumbatia, maana yake ameuzwa. Watu waliinuka wakampigia makofi ya kumuaga. Bi Tuttle wa safu yetu alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimeshikwa na hasira juu yako.

Nilirudi nyumbani nikapasha chakula nikamngoja. Akaja yule mdakaji, mwenzake, akasema Deivi ameshapakiwa kwenye gari la klabu na yeye ametumwa begi tu. Nilimuuliza wanampeleka wapi. Alikuwa na haraka, akasema, "Juu, bibi, juu," akanyoosha kidole nje. Seattle iko juu na kushoto kwenye ramani, hilo nalijua. Nilimfungia potica yote kwenye kitambaa.

Hakuniaga. Najua hakupewa nafasi, lakini hakuniaga.

Naitia posta sasa hivi kabla sijapoa. Mtazame Tillotson wako kwa raha.

Albina


Cleveland, Julai 31, jioni

Albina,

Saa kumi imepita na sina hata nguvu ya kutukana. Hawakununua mtu. Umesikia? Hawakununua hata mmoja. Sorrells amebaki Minnesota na bibi yake. Na Tillotson, keti kwanza, Tillotson amekwenda Chicago. Seattle walichoka kungoja jibu la wakubwa wetu, wakachukua vijana wawili wa Chicago dakika za mwisho. Adui amepewa panga langu.

Na unajua wakubwa wetu wamefanya nini badala yake? Wamempandisha Ozoria wako. Modic ameniandikia kwenye kikaratasi cha kuwekea glasi ya bia: WANAMLETA MTOTO. Ataanza Agosti 5, hapa, na wanasema Chicago siku hiyo watamweka Tillotson. Miaka ishirini, dhidi ya yule nyoka, mbele ya mji mzima uliokasirika. Namwonea huruma. Kama yuko hapo kwako mwambie mimi sina ugomvi naye.

Ludvik


Zanesville, Agosti 2

Kaka Ludvik,

Barua yangu usiisome. Kama umeshaisoma, ichome.

Alinipigia nikiwa ndio kwanza natoka posta. Alikuwa kwenye hoteli mjini kwenu. Juu ilikuwa ni juu kweli, ligi kubwa, na wale waliokuwa wanamkumbatia walikuwa wanampongeza. Uwanja mzima tulimzika mtu anayekwenda arusini kwake. Tulikuwa tumezungumza kuuzwa kwake mwezi mzima, basi hatukuwa na macho ya kuona kitu kingine.

Hakuniambia mengi. Aliniuliza tena habari za upepo, na sauti yake ilikuwa ndogo. Nilimwambia nina kaka huko anayeujua upepo ule vizuri, na kwamba atakuwepo.

Kwa hiyo utakwenda. Mimi goti haliniruhusu kusafiri wiki hii. Nenda ukae kiti chako. Kama husikii, basi tazama, kisha uniandikie kila kitu. Usithubutu kushikwa na tumbo.

Albina


Cleveland, Agosti 6

Dada Albina,

Utanisamehe mwandiko.

Nilikwenda. Modic alinishika kiwiko njia nzima kama mfungwa. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, unaurudisha mpira ndani, mwambie. Tillotson alirusha kama nilivyokuwa nimekuambia, vijana wetu walikuwa wanapiga hewa na kurudi benchi wamenuna. Nilimchukia na kumvulia kofia kwa pamoja. Lakini baada ya awamu mbili nilikuwa nimemsahau.

Mtoto wako, Albina. Sijui niseme nini. Nimekaa uwanja ule tangu nikiwa na kaptula, nimewaona wakubwa wote, na sikujua kwamba mkono wa binadamu unaweza kufanya vile. Mpira haukuonekana. Ulimwona anainua mguu, kisha ulimwona mdakaji anasukumwa nyuma. Wapigaji wa Chicago, majitu yale, walikuwa wanageuka kumtazama mwamuzi kwa macho ya kuuliza ni nini kile kilichopita. Na ule wa polepole, nilimwona mtu wa kilo mia amepiga magoti mwenyewe kwenye vumbi, mpira ukamalizia katikati kwa upole. Watu hawakucheka, ulikuwa sahihi kutocheka.

Awamu ya sita tulimpokonya Tillotson pointi moja, kwa bahati. Awamu ya saba ikaisha, na Chicago walikuwa hawajampiga Deivi hata mpira mmoja. Unaijua kanuni yetu. Mrushaji akifika pale hakuna anayelitaja jambo hilo, hata wenzake kwenye benchi hawamsogelei, maana ukilitaja unaliharibu. Basi awamu ya nane nikatazama nyuma yangu, juu, safu hadi safu. Watu elfu thelathini wamefunga midomo. Wote, Albina. Baba na watoto, wauza bia wamesimama kwenye ngazi na trei zao. Miaka miwili nimekuwa peke yangu ndani ya kimya, na sasa uwanja mzima ulikuwa umekuja kukaa nami humo. Nilikuwa nasikia sawasawa na wao.

Na hapo nikafanya lile nitakalokumbukwa nalo mtaani mpaka nife. Nilimwinamia Modic nikamnong'oneza sikioni, "Hawajampata hata mmoja."

Nilidhani ninanong'ona. Ndugu yangu, mtu asiyesikia hajui sauti yake mwenyewe. Modic anasema nilinguruma, na kwamba katika kimya kile ilifika mpaka kwenye ubao wa matokeo. Niliona vichwa vinageuka, safu baada ya safu, wananitazama kama niliyemsukuma padri altareni. Hata Tillotson alichungulia kutoka benchini kwao.

Mpira uliofuata ulipigwa. Ulidondoka taratibu katikati ya uwanja, mahali ambapo hapakuwa na mtu, na mpigaji akafika kituo cha kwanza. Mmoja tu usiku mzima, na ni wangu.

Nilitaka kuingia chini ya kiti. Lakini Deivi alisimama pale kilimani, mpira mkononi, akatazama upande wetu, na akacheka. Nakuapia alicheka. Kisha watu wote wakainuka, na kile chuma cha mbele yangu nilichokuwa nimekishika kikaanza kutetemeka. Kiti kikatetemeka, miguu, kifua. Kelele ile niliipokea mwili mzima. Deivi akainua mguu, akawatoa waliobaki, awamu hiyo na ya tisa ambayo ndiyo ya mwisho, bila kuguswa tena. Moja kwa sifuri. Tillotson alitoka benchini kwao, asiyemsalimu mtu, akagusa kofia yake.

Nilimuuza kwa yule, Albina. Mwezi mzima nilimuuza kila Alhamisi. Bei yake haipo.

Nililia na sioni haya.

Kaka yako,
Ludvik


Zanesville, Agosti 10

Kaka yangu Ludvik,

Deivi alipiga simu jana. Aliniuliza kama namjua mzee mmoja anayekaa nyuma ya benchi lao, mwenye sauti ya treni. Nilimwambia ndiye kaka yangu aliyekuwa anamsalimu kwenye barua zote. Nikamwambia pia kwamba wewe ndiye uliyetaka kumbadilisha na Tillotson. Akasema, "Doña Albina, ile awamu ya nane mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa woga. Kimya kile kilikuwa kinaninyonga. Yule mzee alipopiga kelele ndipo nilipopumua."

Kwa hiyo acha kujificha chini ya kiti.

Ametuwekea tiketi mbili kwa Jumamosi ya wiki ijayo, za wewe na mimi, nyuma kabisa ya wavu, pale mlio unapotokea. Goti limepona, au limeamua kunyamaza. Ninakuja na basi la asubuhi na potica mbili, moja ni yake, usiiguse.

Mlio ule nilikueleza kwa gogo la Baba lakini haikutosha, najua. Basi nitakaa upande wako wa kulia na kukushika mkono. Kila mpira ukigonga glavu nitaubana, kwa nguvu ile ile ulivyogonga, nawe utausikia kama mimi ninavyousikia.

Tukifika awamu ya saba na hakuna aliyempiga, nitakuwa na penseli kwenye mkoba. Ukiwa na la kusema, liandike.

Dada yako,
Albina